Baba Kwenye Keria

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka thelathini na minne, gizani, kwenye kiwanja cha shule ya msingi kule Kyebando, na mwalimu wangu alikuwa haoni.

Mwalimu huyo alikuwa baba yangu. Presha ya macho ilikuwa imemchukua jicho la kulia, kisha la kushoto, taratibu, hadi ikabaki mwanga tu pale mtu anapofungua dirisha. Kila Jumapili jioni alikaa juu ya jiwe kando ya goli, mikono yote miwili juu ya fimbo, akisikiliza. Mimi nilizunguka, nikaanguka, nikajipangusa vumbi, nikazunguka tena. Mlinzi wa shule alimjua baba tangu enzi zake za polisi, kwa hiyo alitufungulia geti jua likishazama na kutuacha hapo mpaka nyota zikawa nyingi.

"Unakanyaga kwa hasira," baba alisema. "Mimi nasikia cheni inalia. Baiskeli haikukosea kitu."

"Naogopa, Baba."

"Basi ogopa polepole."

Nilichagua giza kwa sababu ya haya. Katika mitaa yetu mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli ni sinema ya bure. Vijana wa bodaboda wangeacha abiria ili wanitazame. Lakini sababu ya kutaka baiskeli yenyewe ilikuwa na uzito zaidi. Nashona katika karakana ya sare za walinzi huko Namuwongo, karibu na reli, na jioni magari yalikuwa yananiweka barabarani muda mrefu kuliko ule wa kupika na kula. Nilijaribu bodaboda. Jioni moja ya mvua pikipiki iliteleza, nikarushwa hadi kwenye mtaro, na kuanzia siku ile kila nilipokaa nyuma ya dereva nilishuka kabla ya kufika. Sikuogopa barabara. Niliogopa kubebwa na mtu nisiyeweza kumwambia asimame.

Baiskeli ilikuwa ya baba, ile nyeusi ya chuma, nzito kama ng'ombe, aliyoinunua alipostaafu na kuifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza alipoacha kuona. Miaka minne hakuna aliyeigusa. Nilipoomba ufunguo aliutoa mfukoni. Alikuwa akitembea nao muda wote huo.

Nilikulia katika kambi ya polisi. Baba ni Mwislamu wa West Nile, mama alikuwa Mkatoliki wa Gulu, na nyumbani walikutana katika Kiswahili, lugha isiyokuwa ya yeyote kati yao. Ni Kiswahili cha kambini, cha amri na utani, kisichojali sana sarufi. Mama alipofariki tukabaki wawili katika vyumba viwili vya kupanga, na kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwanajeshi, akawa anakuja anapopata likizo.

Kabla sijaanza kwenda kazini kwa baiskeli, baba alinifundisha usiku kama watu wanavyofundisha sala, kipande kwa kipande, nirudie.

"Gari ikikuja na taa kubwa?"

"Nisiitazame. Nitazame ukingo wa kushoto."

"Shimo ya maji?"

"Linang'aa. Shimo kavu ndilo jeusi zaidi ya lami."

"Na mlima?"

Mlima ulikuwa na somo lake. Taa ya baiskeli ile iliwashwa na dainamo, kichupa cha chuma kinachosugua tairi. Ukienda kasi taa inawaka vizuri, ukienda taratibu inafifia. Maana yake ni kwamba unapopanda kilima, umechoka, ndipo taa inapokufa. Baba alisema ni baiskeli yenye akili ya serikali. Nilinunua tochi ya kuchaji, ile ya kuvaa kichwani, nikaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi la ndani. Karakanani tulikuwa na mabaki ya utepe ung'aao tunaoshona kwenye sare za walinzi, nikaomba vipande. Nikavishona mgongoni mwa koti langu, kwenye mikono, na pembeni mwa suruali niliyoivaa chini ya gauni. Wenzangu walicheka wakasema ninafanana na kibao cha barabarani. Nikawaambia ndiyo hasa ninachotaka.

Sasa nieleze jinsi ilivyokuwa, ingawa mambo haya hayaelezeki vizuri.

Natoka kazini saa mbili usiku. Navuka reli nikiikokota baiskeli, kwa sababu reli ikilowa inateleza kama sabuni. Upande wa pili ni eneo la viwanda, na hapo harufu zinapokezana: kwanza mkate, halafu sabuni, halafu kahawa inayokaangwa, halafu mfereji mkubwa na vyura wake. Mchana harufu hizi zote ni moja na inaitwa moshi. Usiku zinajitenga, kila moja inakaa mahali pake, nami napita ndani yake kama mtu anayepita katika vyumba vya nyumba asiyoijua, wenyewe wamelala.

Navuka Barabara ya Jinja haraka, nikiwa nimeshuka. Halafu unakuja uwanja wa gofu na bonde la Kitante, na hapo ndipo mwili wangu unaponyamaza. Kuna mteremko. Naacha kukanyaga. Hewa ya bondeni ni baridi, ina harufu ya majani yaliyokatwa, na inaanza ghafla, kana kwamba umeingiza miguu mtoni, kisha magoti, kisha kifua. Taa ya dainamo inawaka njano mbele yangu. Magari yanapita kulia kwa mlio mrefu na kuondoka, na kati ya gari moja na lingine kuna kimya kifupi ambamo nasikia tairi zangu tu. Kwenye miti ndege korongo wamesimama wakilala, wakubwa, kama makoti yaliyotundikwa. Wakati mwingine sikuweza kusema kama ni mimi ninayekwenda au ni mji unaorudi nyuma polepole.

Baada ya hapo napanda, na jasho linanirudisha duniani. Kamwokya kuna muziki, kuku wanachomwa, wanawake wanauza samaki wa kukaanga kwa mwanga wa kibatari. Muuza chapati mmoja alizoea kunipigia kelele, "Nyabo, mpola!" akiniita mama na kunisihi niende polepole, hata ninapokuwa naikokota baiskeli kwa mguu. Kisha barabara yetu ya vumbi, mbwa wawili ninaowajua, na baba barazani.

Chakula kilikuwa tayari au hakikuwa tayari, lakini baba hakuuliza chakula. Aliuliza njia.

"Leo nini imetokea?"

Nikamweleza. Mwanzoni kwa maneno machache, kwa sababu ya njaa. Baadaye nikajikuta njiani nikimtafutia vitu: mzee aliyebeba kabati la kioo kichwani, mwezi wote ukiwa umo ndani, bwana harusi anayesukuma gari lake lililozimika, maua bado yako kwenye boneti, taa za wategaji wa senene, wale panzi wa kukaanga.

Hizo taa nilimweleza usiku mzima. Ni msimu wa mvua za mwisho wa mwaka, wategaji wanapopanda juu ya majengo na balbu kubwa na mabati yaliyosimamishwa, na senene wanakuja kutoka gizani kwa maelfu, wanajigonga, wanateleza hadi kwenye mapipa. Moshi unapanda kuwalevya. Kutoka mbali unaona kilima kimoja kinawaka kijani na cheupe, na hewa juu yake inatetemeka. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na mguu mmoja chini. Senene walinitua begani, kwenye usukani, kwenye utepe wangu ung'aao. Niliporudi nyumbani nilimtolea baba mmoja kutoka kwenye nywele zangu.

Alimshika kati ya vidole viwili, akamsikiliza anavyopapatika. Halafu akasema, "Nimechoka kusikia. Nipeleke na mimi."

"Wapi, Baba?"

"Barabarani. Mimi nakaa keria."

Nilidhani anatania. Baba alikuwa hatoki nje. Mchana alikaa ndani na redio, mlango umerudishwa, na msikitini alikuwa haendi tena, alisali nyumbani. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi nitamshika mkono nimpeleke, naye akikataa kwa ukali. Usiku ule aliniambia sababu, bila mimi kuuliza.

"Mchana watu wanaona afande anavutwa mkono kama mbuzi. Wananisalimia kwa sauti kubwa, wanafikiri masikio pia imekufa. Usiku hakuna mtu anaona mtu. Usiku sisi wote iko sawa."

Jumapili iliyofuata nilikunja blanketi kuukuu juu ya keria nikalifunga kwa kamba. Baba alivaa koti lake zito na kofia ya kitambaa. Nilikuwa nimemshonea utepe mgongoni. Alipitisha vidole juu yake akauliza ni cheo gani nimempa. Alikaa upande mmoja kwanza, kama wanavyokaa kina mama, akakataa, akapitisha mguu, akakaa kiume. Akanishika kiunoni kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa hajanishika hivyo tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa.

Mizigo ya watu si kama mizigo ya magunia. Gunia linakaa. Mtu anageuza kichwa, anavuta pumzi, anaogopa kona kabla hujaifikia. Tulikwenda kwa kuyumba mpaka mwisho wa mtaa wetu, mimi nikihema, yeye akitoa amri.

"Gia!"

"Haina gia, Baba."

"Basi nguvu!"

Lakini tulipofika kwenye lami, pale njia inapolala, tulipata mwendo. Akaacha kutoa amri. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu, kumwambia hapa kuna duka, hapa kuna mti. Sikupata nafasi, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kunieleza mimi.

"Hapa wanachoma mahindi. Hapa ukuta ni mrefu, sauti yetu inarudi. Sasa ukuta imekwisha. Hapa kuna maji, kushoto, chini." Baadaye kidogo akasema, "Mtu anakunywa chai ya tangawizi karibu."

Nilitazama. Kweli, mlinzi wa ghala alikaa juu ya kreti na kikombe cha plastiki. Ningempita bila kumwona.

Tukawa tunatoka kila Jumapili, kisha hata Jumatano nikiwa na nguvu. Hatukwenda mbali. Kulikuwa na njia moja tuliyoipenda, inayozunguka chini ya kilima na kurudi kupitia msikitini, na tuliizunguka mara mbili au tatu, tukiongea au tukiwa kimya. Alinisimulia doria zake za zamani, wakati polisi walizunguka mji kwa baiskeli wawili wawili, na jinsi mwenzake alivyozoea kulala akiendesha, na yeye akimwimbia ili asianguke. Alinisimulia mambo ya mama ambayo sikuyajua. Nadhani ilikuwa rahisi kwa sababu alikuwa akisema na mgongo wangu. Mimi pia nilimwambia mambo nikitazama mbele. Nilimwambia kwa nini ndoa yangu ilivunjika, jambo ambalo mezani sikuwahi kulifikisha mwisho.

"Ulifanya vizuri kurudi nyumbani," alisema, na tukaendelea.

Halafu tukaanguka.

Ilikuwa Jumatano, umeme ulikatika katika mtaa mzima tukiwa njiani. Giza lilishuka mara moja, tochi yangu sikuwa nimeichaji, na taa ya dainamo ilikuwa imefifia kwa sababu tulikuwa tunapanda. Baba alisikia kitu mbele. "Simama!" alisema. Mimi, badala ya kusimama, nikageuza usukani. Tairi la mbele likaingia mtaroni, nasi tukalifuata, kwanza mimi, kisha baba juu yangu, kisha baiskeli juu ya baba.

Nilisikia gurudumu likizunguka hewani. Halafu nikasikia sauti niliyoidhani kilio, nikaanza kupapasa uso wake gizani.

"Baba! Umeumia? Baba!"

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, amelala chali kwenye mtaro mkavu wa Kyebando, na majani makavu kwenye ndevu. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu kabla ya msiba wa mama. Watu walitoka na simu zilizowashwa, wakatuinua, na mmoja akauliza ni nani aliyekuwa dereva. Baba akasema, "Ni huyu. Mimi nilikuwa kondakta."

Lakini mkono wake wa kushoto ulivimba usiku ule, na asubuhi tukakuta mfupa wa kifundo una ufa. Akafungwa plasta. Na bahati mbaya, au nzuri, wiki hiyohiyo kaka alikuja likizo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti na magwanda yake, akatazama plasta, akatazama baiskeli yenye usukani uliopinda, akaniambia taratibu, "Dada, mzee hana macho. Wewe unayo. Sasa ulikuwa unatumia ya nani?"

Usiku kucha nilikuwa nimejiuliza swali lilelile. Nikamwambia kweli, nimekosa, sitambeba tena. Nikachukua mnyororo nikaufunga kwenye nguzo.

Baba alikuwa kitandani, mlango wazi. Akaita jina la kaka, jina la utotoni, lile ambalo hakuna mtu anayelitumia tena.

"Njoo hapa. Wewe umekwenda vita?"

"Nimekwenda, Baba."

"Umerudi na kovu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikwambia usiende tena?"

"Hapana, Baba."

"Mkono ni yangu," baba alisema. "Kama ni kuvunja, navunja mimi. Miaka nne nimekaa hapa ndani, hakuna kitu imevunjika, hata kikombe. Wewe ulifikiri ni afya?"

Kaka alitoka nje akakaa barazani muda mrefu. Jioni nilimkuta amefungua ule mnyororo, amegeuza baiskeli juu chini, ananyoosha usukani kwa kuukanyaga na kiatu cha jeshi. Alipomaliza alibadilisha breki za mbele. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama ile tochi huwa naichaji kila siku. Nikasema kuanzia sasa, kila siku.

Plasta ilikaa wiki sita. Kwa kuwa hakuweza kujishika kwenye keria, baba akasema tutembee. Tukatembea njia yetu ileile, mimi nikiikokota baiskeli katikati yetu, yeye ameweka mkono mzima juu ya kiti chake. Niliiendesha kwa kuisukuma tu, naye akaifuata. Jumapili ya tatu niligundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiisukuma na mimi ndiye niliyekuwa nikifuata. Alikata kona kabla sijageuza usukani. Alipunguza mwendo kabla ya jiwe la njia panda. Nilipomwambia, alishangaa kidogo.

"Hii njia nimekalia keria mara ngapi?" aliuliza. "Matako yangu inajua kila shimo."

Plasta ilipotolewa alitaka tena keria, nami nikambeba, safari hii nikishuka na kukokota kila palipo na kilima. Lakini kitu kilikuwa kimebadilika, na nilichelewa kukiona. Jioni moja nilirudi kazini nikakuta baraza tupu. Fimbo haipo. Nilizunguka nyumba nikiita, majirani wakatoka. Nikapanda baiskeli nikashuka njia yetu, na karibu na mwisho wa ukuta mrefu taa yangu ikaangaza utepe mgongoni mwa koti zito.

Alikuwa anatoka msikitini, kwenye sala ya isha. Peke yake. Fimbo iligonga kushoto, ikagonga kulia, bila haraka. Nilisimama mbali kidogo. Nilikuwa na maneno mengi ya hasira tayari mdomoni, na yote yakawa hewa.

"Cheni inataka mafuta," alisema bila kugeuka.

"Baba. Ulikwenda saa ngapi?"

"Mapema. Nikabaki kuongea na wazee. Walifikiri nimekufa." Alitembea hatua kadhaa. "Mmoja alilia kidogo."

Nikaleta baiskeli karibu naye, nikaiinamisha ili apate keria. "Panda twende."

"Hapana."

"Ni mbali, Baba. Na umechoka."

"Sijachoka. Wewe umechoka, umeshona siku nzima." Alinyoosha mkono, akaupata usukani, akapapasa tochi kuona kama ina joto, yaani kama imewashwa. Akaridhika. "Pita. Nenda pasha chakula. Mimi nakuja na mwendo yangu."

Nilipita. Nilikanyaga taratibu kuliko wakati wowote, nikisikiliza nyuma, na kila mara mlio wa fimbo ulikuwepo, kisha ukawa mdogo, kisha ukachanganyika na vyura wa bondeni. Nyumba zilikuwa zinafunga madirisha. Mtu alikuwa anaanika nguo usiku, shuka jeupe, na upepo uliliinua likanigusa bega nilipopita, lenye maji, lenye harufu ya sabuni.

Nyumbani nilipasha maharage na muhogo. Nikaweka sahani mbili. Nilijizuia kutoka nje kwenda kutazama. Sufuria ilipoanza kuchemka nikasikia viatu vyake barazani, vikipanguswa vumbi kimoja kimoja, na sauti yake ikimsalimia jirani wa kushoto kwa jina, akimuuliza habari za mtoto wake mgonjwa.